Saa Nane na Dakika Kumi na Saba

Emérithe alisimamisha gari pale njia ya baiskeli inapokata barabara. Ilikuwa Jumamosi, tunatoka Spånga kurudi Tensta anakokaa. Jua la Machi lilikuwa chini, likimpiga usoni. Akaangalia kushoto, akakunja macho kuangalia kulia, upande niliokaa mimi, kisha akaniuliza, "Kaka Solomon, niende?"

"Nenda," nikasema.

Akaachia klachi vizuri kabisa. Nilisikia kishindo kabla sijaiona baiskeli.

Mama aliyekuwa akiiendesha alikuwa amelala kwenye lami, helmeti kichwani, mguu mmoja umepinda vibaya. Nilivua koti nikamfunika. Nilimuuliza jina lake ili asije akazimia. "Veronica," alisema, halafu akaniomba niondoe baiskeli njiani, wengine wasije wakaigonga. Emérithe alikuwa ameshapiga simu ya dharura. Alieleza mahali tulipo kwa Kiswidi kilichonyooka.

Polisi walipofika, kipimo cha pombe walinipa mimi kwanza. Emérithe alishangaa. Mimi sikushangaa. Mwaka jana tulikaa pamoja kwa saa tatu katika kozi ambayo mwanafunzi na msimamizi wake lazima waipitie kabla ya kubandika kile kibao cha kijani cha mwanafunzi nyuma ya gari. Mwalimu wa kozi alirudia mara mbili kwamba mbele ya sheria msimamizi ndiye dereva, hata kama usukani hajaushika.

Nimeendesha basi mjini hapa miaka kumi na moja bila kumgusa mtu. Ndiyo maana kanisani watu huniomba niwafundishe wake zao. Évode, mume wa Emérithe, ana leseni, lakini alisema angependa kubaki na ndoa. Na Emérithe aliihitaji leseni kabla ya majira ya joto, kwa sababu kazi aliyoahidiwa, ya kuhudumia wazee majumbani, ni ya kuzunguka na gari.

Jumatatu afisa wa polisi alinipigia simu. Veronica alikuwa amevunjika nyonga na kifundo cha mkono, na ameshafanyiwa upasuaji. Fidia yake ingetoka kwenye bima ya gari, awe amekosa nani. Kilichobaki ni kujua nani alizembea. Ikiwa mwanafunzi alifanya jambo la ghafla ambalo msimamizi asingeweza kulizuia, hilo ni suala jingine. Ikiwa msimamizi hakuwa makini, kosa ni lake, na leseni inaweza kuchukuliwa. Leseni ikienda, kwangu mimi, na kazi inaenda. Akaniita Alhamisi.

Nilipokata simu nilifanya kama ninavyofanya basi linapochelewa. Nilichukua karatasi nikaandika kila jambo na dakika yake. Mstari mmoja tu niliuacha wazi, ingawa nilijua cha kuandika.

Jumatano, baada ya kazi, nilienda kwao Tensta. Évode alinifungulia mlango.

"Karibu, mwalimu. Mwanafunzi wako amegoma hata kupika. Anasema anaweza kuua mtu na sufuria."

Alicheka peke yake, akaingia jikoni kuchemsha chai.

Emérithe alikaa sebuleni na koti lake la kazi. Anafanya usafi kwenye ofisi za Kista.

"Jana wamenihoji," alisema. "Nimewaambia mguu uliteleza kwenye klachi."

"Haukuteleza."

"Uliteleza, kaka."

"Emérithe, uliniuliza niende, nikakujibu."

"Ndiyo, na mwalimu akijibu, mwanafunzi anaenda. Sasa unataka niseme nini? Mimi sikuzaliwa na leseni. Nitaendelea na ndoo zangu. Wewe wakikunyang'anya yako, watoto wako utawaambia nini?"

"Unajua nilikuwa naangalia wapi?"

Alichukua simu yake mezani, akaigeuza mkononi. "Nimeufuta kwangu," alisema taratibu. "Ule ujumbe wa saa nane na dakika kumi na saba. Niliuona jioni ile ile. Simu yangu ya dharura iliingia saa nane na kumi na nane."

Tangu asubuhi ya Jumamosi ile wanakwaya walikuwa wanabishana kwenye kundi letu kuhusu rangi ya sare za Pasaka. Mimi ndiye mwalimu wa kwaya. Nilichoka na kelele zao, nikajibu kwa kidole kimoja, palepale garini: Bluu.

"Watu ishirini na wawili wanao huo ujumbe," nikasema.

"Hakuna atakayeangalia saa. Wataangalia rangi." Alitaka kucheka, akashindwa. "Kila nikifumba macho naiona ile helmeti. Najiuliza, kwa nini sikungoja kidogo tu? Jua lilikuwa linanipiga, sikuona vizuri, nikaenda. Sitaki tena kushika usukani, kaka. Sitaki."

Évode alileta chai akakuta mkewe analia. Akasimama na sinia, hajui aliweke wapi.

Nilikuwa nimekwenda pale kuhakikisha kwamba atasema neno kama hilo, mguu uliteleza. Sikuwa nimelisema hilo hata moyoni mwangu, lakini ndilo lililonipandisha treni. Chai ile niliinywa ikiwa moto, nikaondoka.

Alhamisi afisa, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alinisomea maneno ya Emérithe kutoka kwenye kompyuta. "Ndivyo ilivyokuwa?"

"Hapana. Alisimama kama nilivyomfundisha. Aliniuliza, nikamwambia aende. Sikuangalia."

Vidole vyake vilisimama juu ya kibodi. "Kwa nini yeye aseme mguu uliteleza?"

"Kwa sababu ananiita kaka."

"Na wewe ulikuwa unaangalia nini?"

Nikaweka simu mezani, nikafungua kundi la kwaya, nikapandisha hadi Jumamosi. Chini ya ujumbe wangu watu kumi na wanne walikuwa wameweka dole gumba. Aliinama akaisoma saa, akaiandika. Kisha akagusa lile neno na kalamu, akaniuliza maana yake.

"Blå," nikasema. "Ni rangi ya sare."

Akaliandika hilo pia.