Medali Iliyosuguliwa kwa Limau

Mzee Fuad, mchongaji wa sanamu, alikuwa ametunukiwa medali ya shaba yenye sura yake. Emmaculate, mfanyakazi wake wa nyumbani mjini Riyadh, aliiona imefifia na kuwa nyeusi, akaisugua kwa limau na chumvi kama birika la kahawa, hadi ikang'aa.

"Ule weusi ulitiwa makusudi!" madam, mke wa mzee, alifoka.

Mzee alicheka tu.

Walipokwenda Jeddah, aliwapeleka kwa ngamia wake wa shaba, kando ya bahari. Ngamia mzima alikuwa mweusi, ila pua iling'aa kwa kushikwashikwa na watoto.

"Ngamia nilimtengeneza mimi," mzee alisema. "Pua wameitengeneza wao, na ndiyo ninayojivunia."

Emmaculate, ambaye tangu siku ya limau hakuthubutu kugusa kitu cha mzee, akanyoosha mkono kuelekea pua ile.