Chapchap Chini ya Gari

Gereji nzima ilimwita Chapchap, na jina lilimkaa utadhani alishonewa kwa vipimo vyake. Alikuwa fundi magari wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, asiyejua kutulia. Chai aliinywa amesimama, simu aliisikiliza akitembea. Mkewe, mwalimu wa chekechea, alikuwa akisema ana watoto arobaini shuleni na mmoja nyumbani, na huyo wa nyumbani ndiye aliyemshinda.

Asubuhi moja, saa nne hivi, alikuwa chini ya gari jeupe la nesi wa kliniki ya jirani. Alikuwa anafunga shafti, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Kinashikwa na bolti nne. Akiwa amelala chali, mikono juu, aligeuza kichwa upande wa kulia kutafuta spana. Hapo hapo gari likaanza kumwangukia.

Ndivyo alivyoona yeye. Vyuma vyote vilizunguka kwa pamoja, sakafu ikapinduka, akajua jeki imeteleza na kazi yake duniani imekwisha. Akajiburuta kwa viwiko na visigino mpaka nje.

"Linaanguka! Linaanguka!"

Shemeji yake, kaka wa mkewe ambaye walimiliki gereji pamoja, alikuja mbio. Gari lilikuwa limekaa kimya juu ya stendi zake, halijasogea hata unywele.

"Nini kinaanguka, shem?"

Chapchap alikuwa ameshika sakafu kwa viganja viwili, kama mtu anayeogopa itamponyoka. Kabla ya kujibu, alitapika.

"Ahaa," shemeji akasema. "Kumbe jana kuna mahali ulipitia."

"Sijapitia popote! Nimekula kitu kibaya."

Dunia ilitulia baada ya muda mfupi. Aibu haikutulia. Akarudi chini ya gari, shingo ameikaza, akamalizia kazi kwa kupapasa, akatoka haraka. Mchana nesi alikuja, akashukuru, akaondoka na gari lake.

Kesho yake alfajiri aligeuka kitandani, na dari ikaanza kukimbia. Alikaa kitako amekumbatia mto, jasho likimtoka, akisubiri chumba kirudi mahali pake. Akajiambia ni uchovu. Keshokutwa yake ikawa vilevile. Basi akaanza kuhangaika. Duka la dawa walimpima presha, ilikuwa sawa. Alikunywa tangawizi mpaka koo likawaka. Alibadilisha miwani. Akapewa vidonge vya kichefuchefu, vikamlaza usingizi kwenye benchi la gereji mdomo wazi, wateja wakimpita. Usiku alilala ameegemea mito mitatu, shingo haipindi huku wala kule.

"Baba watoto, unalinda nini hapo?" mkewe akamuuliza.

"Mgongo tu."

Gerejini nako aliusingizia mgongo huohuo. "Shem, ingia wewe chini, mimi nitashika taa."

"Siku hizi umekuwa meneja?" shemeji akamuuliza. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya nne hakucheka.

Siku ya sita shemeji alikuwa chini ya gari jingine, akihesabu bolti kwa sauti kama kawaida yake. "Moja. Mbili. Tatu." Chapchap, aliyekuwa ameshika taa, akaacha kumulika. Lile gari jeupe. Bolti ya nne, ile ya upande wa kulia. Aliikaza?

Alijaribu kukumbuka mkono wake ukiikaza, asione kitu. Shafti ikichomoka gari likiwa mbioni, huwezi kujua litaishia kwenye ukuta gani. Akampigia nesi, simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Akazunguka gereji mara mbili, akaiweka taa chini bila kusema neno, akachukua spana na kutoka.

"We, shem! Unaniacha gizani!"

Kliniki ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano. Njiani, akitaka kuvuka, aliinua kichwa kuangalia kama lori limesimama, na barabara ikalala ubavu. Akakumbatia nguzo ya taa. Mama mmoja alimtazama, akamvuta mwanawe, wakavuka upande wa pili. Alitamani kumwambia kwamba hajalewa, lakini akifungua mdomo angetapika. Akasubiri, kisha akaendelea, mkono mmoja ukutani.

Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa nyuma ya kliniki. Alishusha pumzi, kisha akakumbuka kwamba kulikagua ni lazima alale. Akalala kwenye kokoto. Bolti ya kwanza imekaza. Ya pili, imekaza. Ya tatu pia. Akageuza kichwa kulia, akagusa ya nne. Ilizunguka kwa vidole.

Kila kitu kikaanza kuzunguka nayo. Akafumba macho, akang'ang'ania spana, akakaza huku akihisi anadondoka shimoni, akakaza tena mpaka chuma kikagoma. Hakuwa na nguvu ya kutoka.

"Wewe! Unaiba nini kwenye gari langu?"

Nesi alikuwa amesimama mbele ya miguu miwili iliyotokeza chini ya gari.

"Dada, ni mimi, fundi wako," sauti ikatoka chini. "Nivute."

Alipovutwa, akasema yote bila kupamba. Kwamba aliacha bolti haijakazwa. Kwamba ana kizunguzungu na amekificha. Nesi alibadilika rangi.

"Jana nilipakia wanangu humu!"

"Najua. Nisamehe, dada."

Akamfokea, na Chapchap akapokea. Kisha nesi akamtazama vizuri.

"Ukigeuza kichwa ndipo kinaanza?"

"Kulia. Na nikilala."

"Kinakaa muda gani?"

"Hata dakika haifiki. Lakini ni dakika ya kufa mtu."

"Inuka. Twende kwa daktari wa masikio."

Daktari alikuwa mwanamama wa maneno machache. Alimkalisha kitandani, akamgeuza kichwa kulia, akamlaza ghafla kichwa kikining'inia ukingoni. Chapchap akashika mkono wa koti la daktari kwa nguvu zote.

"Usifumbe macho, baba. Macho yako yanacheza, nataka kuyaona."

Alipotulia, daktari akamweleza. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo mno, mfano wa chumvi. Zake za sikio la kulia zimetoka mahali pake, zimeingia kwenye mrija usio wao. Tangawizi haizifikii. Zinarudishwa kwa kugeuza kichwa. Akamgeuza kushoto, wakasubiri. Akamlaza ubavu, uso ukitazama sakafu, wakasubiri tena. Kusubiri ndiko kulikomtesa. Mwisho akamkalisha.

Siku hiyo alitoka bado anayumba kidogo, kama anakanyaga godoro. Alirudi mara mbili, na mara ya pili alilala chali na dari ikabaki dari.

Kumwambia shemeji kulikuwa kugumu kuliko kugeuzwa kichwa. Alimsubiri amalize chakula.

"Ungeniambia siku ile ile," shemeji akasema. "Mimi nilidhani umenichoka."

Tangu siku hiyo hakuna gari lililotoka kabla mtu wa pili hajapita na rangi nyekundu, akitia tone kwenye kila bolti aliyoijaribu kwa mkono wake.

Baada ya miezi minne kizunguzungu kikarudi, alfajiri. Safari hii alimwamsha mkewe palepale. Mkewe akatoa kwenye droo karatasi ya daktari yenye maelekezo ya kugeuza kichwa, akavaa miwani, akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Kulia."

"Hiyo siyo kulia!"

"Kulia kwako au kulia kwangu?"

"Sikio langu, mama watoto! Kulia kwangu!"

"Basi usinifokee. Lala."

Akalala. Chumba kikazunguka, mkewe akahesabu taratibu kama anavyowahesabia watoto wa chekechea, na hakumruhusu kuinuka mpaka hesabu iishe.