Kicheko cha Mama Ukutani

Ngoja nikusimulie mwenyewe, maana mtaani kila mtu anaongeza chumvi yake. Mimi ni fundi cherehani, mdomo wangu hauna breki, na siku ile sikutafuta ugomvi.

Mwenye filamu alitualika ukumbi wa mtaa saa tisa alasiri. Madirisha yamezibwa kwa maboksi, projekta imepandishwa juu ya meza mbili, picha inatua ukutani. Ni filamu ya mambo ya kweli, alisema, hakuna aliyeigiza: habari ya siku tingatinga lilipobomoa vibanda vyetu kupisha barabara. Alishinda kwetu miezi miwili na kamera yake, anakula sahani moja na sisi. Kumbe tulikuwa tunafuga nyoka.

Mama alikaa kati yangu na Mama Chanuo. Mama Chanuo ni msusi, jirani yetu kwa miaka ishirini na sita, na kibanda chake ndicho kilichoangushwa cha kwanza. Mimi namwita mama mdogo, ingawa damu hatuchangii.

Basi, ukutani akatokea Mama Chanuo amekaa kwenye kifusi, analia, kamasi zinamtiririka, anaokota vichanuo vyake kimoja kimoja. Kufumba na kufumbua akatokea mama yangu, uso wake umejaa ukuta mzima, anacheka mpaka mbavu zinamuuma.

Yaani mmoja analia, mwenzake anacheka! Nyuma yetu mtu akaguna, "Mh! Kikulacho ki nguoni mwako." Mwingine akasonya. Mama Chanuo alivuta kiti chake pembeni, kama shibiri moja tu, lakini mkwaruzo wake kwenye sakafu niliusikia mpaka kwenye meno.

"Mama," nikamnong'oneza, "ulicheka lini wewe?"

"Sikumbuki, mwanangu. Lakini si huyo ni mimi? Labda nilicheka."

Labda nilicheka! Mwanamke aliyelala kwenye kifusi kile siku mbili, akimlindia mwenzake mabati yasiibwe! Nikaenda kusimama mbele ya mwanga, kivuli changu kikafunika picha.

"Simamisha hapo! Wewe bwana, mama yangu alicheka siku gani?"

"Dada, tulia. Hiyo ni sanaa ya kuunganisha picha. Inaonyesha kwamba maisha yanaendelea."

"Ya nani hayo? Nimekuuliza siku, wewe unanipa sanaa?"

Wengine wakanipigia kelele nikae, wengine wakasema mwache aseme. Ndipo Mama Chanuo akanyanyuka. "Irudishe pale anapocheka," akasema kwa sauti ndogo. "Halafu iache hapo hapo."

Akairudisha, nadhani kwa woga. Mama Chanuo akausogelea ukuta, akagusa kichwa cha mama, nusu kimesukwa, nusu timtim.

"Hii mistari nimesuka mimi. Na hiki hapa pembeni, juu ya sikio, ni kidole changu, ukucha umepasuka. Alikuwa amekaa katikati ya magoti yangu, kibandani kwangu, tingatinga bado halijaja. Alikuwa anacheka maneno yangu mimi! Wewe ukanikata, ukamwacha acheke peke yake."

Ukumbi ulilipuka. Yule aliyesonya akawa wa kwanza kutaka jamaa apigwe, watu hawana haya! Mwenye filamu akainua mikono. "Samahani. Nitaitoa hiyo sehemu, naapa."

"Na hii umeshaionyesha wapi?" nikamuuliza.

Akashusha mikono. "Nchi kumi na moja. Kwa kweli, wameipenda sana."

Mama Chanuo alikuja kumshika mama mkono, nikadhani yameisha. Nilikuwa natafuta tusi la kumfaa yule bwana, nikakuta mama ameshasimama. Wala hakupaza sauti.

"Baba," akamwambia mwenye filamu, "hao wa nchi kumi na moja walioniona namcheka mwenzangu, utawakusanya ukumbi gani uwaambie?"

Yule bwana aliinama, akaanza kukunja nyaya zake.