Pumzi Kabla ya Wimbo

Pale redioni walimwita Masikio, na jina likamkaa. Si kwamba alikuwa na masikio makubwa. Yalikuwa madogo tu, yamejificha chini ya kitambaa cha kichwa. Walimwita hivyo kwa sababu alisikia vitu ambavyo wengine walivipita. Mletee wimbo wa mwimbaji mkubwa, mwenye mabango barabarani, Masikio atapiga miayo. Mletee kanda ya karani fulani aliyetunga nyimbo mbili maishani mwake na kuziimba mara moja tu, hapo ndipo atavuta kiti. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alipenda kusema, na kweli aliinama, maana kanda za watu wasiojulikana ziliwekwa rafu ya chini kabisa, pale ambapo maji ya mvua yaliingia kwanza.

Jumamosi alasiri alikuwa na nusu saa yake hewani. Kipindi kiliitwa Rafu ya Chini. Alipiga nyimbo za wauguzi, mafundi viatu, walimu wa shule za msingi. Watu wa gitaa moja na sauti moja, walioingia studio siku moja, wakaimba walichokitunga wenyewe, kisha wakarudi kazini kwao. Wasikilizaji wake hawakuwa wengi, lakini waliokuwepo walikuwa wa kufa na kuzikana.

Basi chumba cha kanda kikaingia kuvu. Amri ikatoka juu: kila kanda inakiliwe kwenye kompyuta, kisha itupwe. Kazi akapewa Masikio, na kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Mafundi wa zamani waliiacha mashine izunguke tangu mwimbaji anapoketi, kwa hiyo kabla ya kila wimbo kulikuwa na kukohoa, kuburuta viti na maneno mawili matatu. Kanuni ya redio ilisema wimbo uanze na wimbo. Ya mbele yote yakatwe. Mwanzoni Masikio aliyasikiliza kwanza ndipo akate. Baada ya kanda mia mbili akajifunza kukata kwa macho. Kwenye kioo cha kompyuta maneno huonekana kama mikwaruzo midogo, na gitaa linapoanza michoro hunyanyuka. Anaweka alama pale inaponyanyuka, anafuta yaliyotangulia, anahifadhi, basi. Alijivunia ufundi huo, akawafundisha na wenzake. Mtu aliyeitwa Masikio alikuwa anafanya kazi kwa macho, na hakuna aliyeliona hilo, hata yeye mwenyewe.

Siku moja akafikia boksi lililoandikwa kwa penseli: Kijana wa gitaa. Hajulikani. Haifai. Halikuwa na jina wala tarehe. Alikata ya mbele kwa macho, akahifadhi, akaitumbukiza kanda kwenye gunia la taka, ndipo akavaa hedifoni asikilize alichobakiza.

Gitaa lilikuwa la bei ya chini, uzi mmoja umelegea. Sauti nayo haikuwa sauti ya kujionyesha. Ilikuwa ya mtu anayeongea na mtu mmoja aliye chumba cha pili.

Nimejenga nyumba yangu kwa upepo,
mlango nimeuacha wazi;
anayelijua jina langu
aingie asipige hodi.

Ulipofika ubeti wa pili machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. Hakuwa amefiwa wala kuachwa. Alilia tu kwa sababu mtu aliyeweza kuimba vile aliandikiwa "haifai", na yule aliyeandika alikwenda zake kula chakula cha mchana. Gunia lilichukuliwa Ijumaa na lori la taka pamoja na magunia mengine kumi na moja, yakaenda kuchomwa.

Mkuu wa vipindi, mwanamume mwenye haraka hata akiwa amekaa, aliusikiliza wimbo akiwa amesimama. "Mzuri," alisema. "Ila leo umekata vibaya, Masikio. Umeacha pumzi pale mwanzo. Mtu anavuta hewa utadhani anataka kupiga chafya."

"Mkono uliteleza. Nitairekebisha Jumatatu."

Jumatatu ikaja na mambo yake, pumzi ikabaki palepale. Wimbo ulipigwa Jumamosi tatu mfululizo. Simu zikalia, jambo ambalo halikuwa kawaida kwa Rafu ya Chini. Kila mara Masikio aliomba hewani, kwa sauti iliyomwaibisha kidogo: anayemjua mwimbaji huyu, tafadhali aje, hata kama ni yeye mwenyewe. Moyoni alikuwa ameshamchorea uso, mzee mwenye mvi anayecheka kwa aibu. Alikuwa ameshapanga hata kiti atakachomkalisha.

Aliyekuja alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, Jumatano saa nne asubuhi. Alikuwa fundi cherehani. Ungemjua kwa pini mbili zilizochomekwa kwenye ukosi wa gauni, alizozisahau alipotoka nyumbani. Mkononi alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko redio ndogo, betri zake zimefungwa kwa mpira.

"Shika—" Masikio alianza.

"Marahaba, mwanangu, marahaba."

Dada wa mapokezi, aliyekuwa amemsindikiza, alicheka. "Mama huyu anaitikia kabla hujamaliza! Mlinzi naye kakatizwa hivyohivyo getini."

"Ndiyo tabia yangu," mama alisema. Hakucheka. Alikaa, akaupakata mfuko. "Wewe ndiye unayepiga wimbo wa mwanangu?"

Masikio alivuta kiti karibu. "Ni wewe mama yake! Yuko wapi? Anaitwa nani? Tumemtafuta mwezi mzima."

"Alikufa, binti yangu. Miaka thelathini na moja sasa. Lori liliacha njia, yeye akiwa anatembea pembeni na gitaa lake. Wiki mbili tu baada ya kuja hapa kwenu." Alisema hayo haraka, maneno yaliyokwisha kusemwa mara nyingi. "Wimbo nimeusikia. Nashukuru sana, Mungu akulipe. Sasa nimekuja kuomba salamu."

"Salamu gani, mama?"

Mama alizichomoa zile pini ukosini, akazitazama, akazichomeka tena. Kisha akaeleza. Alimpeleka mwanawe chuo cha ualimu, kijana akarudi na gitaa. Nyumba ikawaka moto kwa maneno. Siku kijana alipoamua kuondoka alisimama mlangoni na begi lake, akasema, "Shikamoo mama," na yeye, akiwa kwenye cherehani, aliendelea kukanyaga. Hakuinua kichwa. Kijana akasema mara ya pili. Akaendelea kukanyaga.

"Sikumwitikia," alisema. "Nilitaka aone uchungu, siku mbili, tatu, arudi. Hasira hasara, mwanangu. Hakurudi."

Masikio hakujua pa kuweka mikono yake.

"Siku ya mazishi alikuja rafiki yake, yule aliyembebea gitaa walipokuja kurekodi. Akaniambia, mama, usilie hivyo, mwanao amekusalimia redioni. Kabla ya kuimba aliongea na wewe. Akasema, najua mama anasikiliza, safari hii ataitikia. Basi nikanunua hii." Alipapasa mfuko. "Nimeiwasha kila siku. Nashona, inaongea. Nikienda kuoga naenda nayo. Kila wimbo ukitaka kuanza nanyamazisha cherehani. Ndiyo maana naitikia watu mapema, wananicheka. Nilisema sitachelewa tena."

"Na Jumamosi ile..."

"Jumamosi ile wimbo umeanza moja kwa moja. Nikajua mmeiweka salamu pembeni, maana redio ina muda wake. Nimekuja mnipigie, hata hapahapa chumbani. Sihitaji kupelekwa hewani."

Masikio aliomba radhi, akatoka kwenye korido, akaegemea ukuta. Aliiona ile michoro kama vile kioo kiko mbele yake: mikwaruzo midogo, mirefu kidogo kuliko kawaida, labda dakika nzima, na mshale wake ukiipitia. Hakusikia hata neno moja. Kijana alikuwa amengoja kwenye boksi miaka thelathini na moja apate mtu wa kumsikiliza, akampata mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na haraka ya kufika kwenye gitaa.

Mkuu wa vipindi alimkuta hapo. Alisikiliza habari yote kwa subira isiyo ya kawaida yake, kisha akashusha sauti. "Sema kuvu ilikula mwanzo wa kanda. Kwani si kweli kanda zimeliwa na kuvu? Au mwambie ulisikia, alisema shikamoo mama, nisamehe, nakupenda. Nani atabisha? Mpe mzee wa watu apumzike."

"Na akiniuliza alisema kwa sauti gani?"

Mkuu alimpigapiga begani, akaenda zake.

Tusimfanye Masikio malaika. Aliporudi chumbani uongo ulikuwa tayari mdomoni, tena mtamu, umekwisha kupangwa maneno. Akajikaza kisabuni, akakaa. "Mama," alisema, "kile chumba cha kanda kiliingia kuvu..."

Mama alikuwa ameshatoa leso, ameikunja mara nne, ameiweka gotini kwa ajili ya machozi atakayolia. Alikuwa ameinama mbele kidogo, uso umeelekea spika, mdomo uko wazi tayari.

"Kuvu imefanya nini?"

"Haikufanya kitu. Ni mimi. Salamu ilikuwepo. Niliikata mimi. Tunakata maneno yote ya mbele, ndiyo kazi yetu, halafu kanda inatupwa. Imeshatupwa, mama. Imechomwa."

"Ulipoikata, alisema nini?"

"Sikusikiliza."

"Hata kidogo?"

"Nilitazama tu. Huwa natazama."

Nje ya mlango mtu alipita akisukuma kigari cha chai, vikombe vikagongana. Mama alipozungumza hakupaza sauti, na Masikio angeona heri angepaza.

"Mlimwandika hajulikani. Mimi namjua. Alizaliwa na nywele nyingi, aliogopa bata, alikuwa anakula ukoko wa sufuria peke yake. Mtu yeyote angekuja kuniuliza, ningemwambia. Wewe umelia kwa wimbo wake, nimekusikia hewani, sauti yako inatetemeka, nikasema huyu binti ana moyo. Kumbe wewe ndiye mtu wa mwisho aliyekaa naye, na hukumsikia."

"Nisamehe, mama."

"Sijui kama naweza. Labda mwakani." Aliikunjua leso, akaikunja upya. "Tena mimi ni nani wa kukusema? Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, sina hedifoni, sina kompyuta. Nikakanyaga cherehani."

Sikio la kufa halisikii dawa, wahenga walisema, na katika chumba kile yalikuwepo mawili. Masikio alilia, si machozi yale ya Jumamosi yenye utamu ndani yake. Haya yalikuwa machungu matupu. Katikati ya kulia akakumbuka ule mkono ulioteleza.

"Kuna kitu kimebaki," alisema. "Si neno. Ni pumzi. Nilikata vibaya, nikaiacha. Nilitakiwa kuifuta."

Akamvisha mama hedifoni, akizirekebisha juu ya masikio yake, akachomeka na zake. Akairudisha faili hadi mwanzo kabisa, akabonyeza. Ilikuwa fupi, chini ya sekunde moja: kijana anavuta hewa kwa mdomo, kisha uzi wa kwanza.

Mama aliushika ukingo wa meza. "Ni yeye," alisema. "Pua yake ilikuwa imeziba tangu utoto. Rudisha."

Masikio akarudisha. Pumzi ikapita, mama akasema, "Mara—" na gitaa likamkatiza.

"Rudisha."

Pumzi ikapita. "Marah—" Gitaa tena. Kinywa cha mtu wa miaka sabini hakiwezi kushindana na nusu ya sekunde.

"Naweza kuongeza ukimya hapo, mama. Sekunde tano, kumi, unazotaka. Ni rahisi tu."

"Usiongeze kitu," mama alisema. "Umeshapunguza, inatosha. Rudisha."

Mara ya tatu alichelewa tena. Akavua hedifoni, akajifuta uso mzima kwa ile leso, akazivaa upya. Masikio aliona anazichomoa zile pini mbili ukosini na kuziweka juu ya meza, kisha akakaa wima, mikono mapajani, kama mtu anayepigwa picha. Kidole cha Masikio kilikuwa juu ya kitufe.

"Ngoja kwanza usibonyeze," mama alisema. Akainua kichwa, akakielekeza mlangoni. "Marahaba, baba. Marahaba. Karibu ndani."

Ndipo akatikisa kichwa kumruhusu, na Masikio akabonyeza. Pumzi ikaja, kisha gitaa, na safari hii hakuna aliyesema rudisha. Waliuacha wimbo ukaenda hadi mwisho.