Somo la Sukari Iliyoungua

Mwalimu wa sayansi alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkubwa wa sauti, na wanafunzi walimpachika jina la Baruti. Alilijua, wala halikumkera.

Maabara ya shule ilijaa vifaa vipya: neli za kioo, mizani, majiko ya spiriti. Mlangoni lilining'inia kufuli, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mkuu wa shule. Wageni kutoka wizarani walitarajiwa, naye alitaka wakute kila kitu kinang'aa.

"Wewe fundisha ubaoni," alimwambia Baruti. "Watoto watavunja."

Baruti akafundisha ubaoni. Alipowapa jaribio, darasa zima likaandika sentensi ileile, mpaka mkato uleule. Akamsimamisha binti mmoja wa dawati la mbele.

"Umeandika kuyeyuka ni badiliko la kiumbo. Umewahi kuliona?"

"Sijawahi, mwalimu. Maabara imefungwa."

"Kwenu hampikii mafuta ya kuganda?"

"Tunapikia."

"Yakiingia kwenye sufuria ya moto?"

"Yanakuwa maji..." Binti akashika mdomo. "Kumbe ndiyo hiyo!"

Siku hiyo Baruti alirudi nyumbani roho ikimchemka. Asubuhi akabeba jiko la mafuta ya taa la mama mkwe wake, pamoja na sufuria kuukuu.

"Haya," mama mkwe akacheka, "jiko langu limeanza shule kabla yangu."

Darasani walikoroga chumvi kwenye maji mpaka ikapotea, kisha wakayachemsha mpaka yakaisha yote. Chini ya sufuria kukabaki ukoko mweupe. Binti akauonja. "Ni chumvi ileile!"

Ikaja zamu ya sukari. Ikalainika, ikawa kahawia, halafu nyeusi tii, moshi ukatanda.

"Irudishe," Baruti akamwambia.

Binti akamimina maji, akakoroga, akakwangua. "Hairudi, mwalimu. Hii siyo sukari tena."

"Badiliko gani hilo?"

"La kikemikali!" darasa likapaza sauti, na safari hii hakuna aliyetazama daftari.

Harufu ilimleta mkuu mbio. "Nani kakuruhusu kuwasha moto humu?"

"Somo lenyewe, Mkuu. Kama humu ni hatari, nipe ufunguo wa maabara." Akanyoosha mkono.

"Nitakuripoti wizarani!"

"Niripoti. Usisahau kuwaambia pia kuhusu kufuli."

Mkuu akaondoka akitweta. Baruti akainama kukwangua sufuria, asije akaonekana ameogopa. Kwa kweli aliogopa. Kazi ile ndiyo iliyowalisha yeye na mama mkwe.

Hata hivyo, kuanzia kesho yake alihamishia kipindi kwenye korido, mbele kabisa ya mlango wa maabara. Wanafunzi walikaa sakafuni, jiko katikati. Kila mkuu alipopita, alijikunja ukutani kuwakwepa, na hakuna aliyesogea.

Wageni walipofika, waliwakuta papo hapo. Mmoja wao, mama wa makamo, akashangaa. "Mbona mko nje, wanangu?"

Mkuu akafungua kinywa, lakini binti akamtangulia. "Humo ndani tumewatunzia nyinyi, mama. Sisi haturuhusiwi."

Mama yule akamgeukia mkuu. "Ufunguo uko wapi?"

Ukatolewa.

Baruti hakupewa pongezi. Wageni walipoondoka tu, mkuu alimvua ukuu wa idara ya sayansi na kumpa usimamizi wa usafi wa vyoo. Alipotangaza hilo mbele ya walimu wote, Baruti alimkazia macho. "Vyoo nitasimamia," akasema, "lakini kufuli halirudi." Na halikurudi.

Kipindi cha kwanza ndani ya maabara, neli ilimponyoka binti, ikapasuka vipande. Darasa likaganda. Binti akainua macho yaliyojaa machozi.

"Umejikata?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi fagia," Baruti akasema, "uchukue nyingine."