Tarakimu Sita za Mkunga

Mkunga alikuwa amestaafu, ila kazi haikumwacha. Kila asubuhi aliketi na simu yake akawajibu akina mama waliomwandikia kwenye ukurasa wake wa mtandaoni: mtoto hanyonyi, kitovu kinatoa majimaji, homa haishuki. Walikuwa maelfu, na kwao neno lake lilikuwa dawa.

Binti wa kaka yake ndiye aliyeuwekea ukurasa ule kinga ya pili. Hata mtu akiijua nywila, lile neno la siri la kuingilia, alimweleza, hataingia bila tarakimu sita zinazotumwa kwenye simu ya shangazi. Mkunga alinung'unika, akamwambia bado kidogo atamwekea mlinzi hata chooni. Lakini alimwachia aweke. Alikuwa ameona muuguzi mwenzake akiporwa ukurasa, na wezi wakautumia kuwauzia wazazi matone ya uongo. Tangu hapo muuguzi alijifungia na aibu yake, simu hapokei.

Jumanne moja, mkunga akianika mashuka, simu iliita. Mwanamume mwenye ulimi wa asali alijitambulisha kuwa mhudumu wa mtandao. Alisema ukurasa ungefungwa baada ya dakika tano, asipomsomea tarakimu zilizoingia muda ule. Kweli, zilikuwa zimeingia. Moyo ukampaa. Akasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha macho yakateremka kwenye mstari wa chini: usimpe mtu yeyote.

"Mwanangu," alisema, "kama ninyi ndio mliozituma, si mnazo?"

Yule bwana akaanza kufoka. Mkunga akakata simu, akampigia binti wa kaka yake. Binti alimwambia kwamba mwizi alikuwa ameshaipata nywila. Zile tarakimu ndizo zilizomkwamisha. Wakaibadilisha nywila papo hapo.

Jioni alikwenda kwa muuguzi, akabisha hodi hadi akafunguliwa. Hakumpa pole wala nasaha. Alimsimulia yote, hata zile tarakimu tatu alizozitoa kwa kinywa chake mwenyewe.

"Kumbe hata wewe," muuguzi alisema.

Akacheka, mara ya kwanza baada ya miezi mingi, kicheko kilichochanganyika na machozi. Halafu akavuta kiti, akaweka simu yake mezani, akauliza ukurasa mpya unaanziwa wapi.