Kofia ya Sufi

Jumanne iliyotangulia, nesi Modesta hakumvua mtoto kofia. Alimpima uzito zahanatini, kule Buhongwa, akaona doa jekundu katika weupe wa jicho, akamuuliza mama yake, Odeta, kulikoni. "Anakohoa sana," Odeta alijibu. Modesta akaandika kwenye kadi: kilo nne na nusu, hajambo.

Sasa mtoto yuleyule, wa miezi miwili, alilala mezani akitetemeka upande mmoja, mkono ukigonga bati la meza bila kupumzika. Modesta alipopapasa juu ya kofia, utosi ulikuwa umevimba na kukaza kama ngozi ya ngoma.

"Ameanguka kitandani," alisema Malimi, baba wa mtoto. "Unamkodolea macho ya nini? Mpe dawa."

"Kitanda chenu kina kimo gani, baba?"

"Kama cha watu wote." Akagusa goti lake.

Modesta akaivua kofia ya sufi. Nyuma ya sikio palikuwa na alama nne za buluu zilizofuatana, na ya tano upande wa pili, chini ya taya. Mbili zilikwisha kugeuka manjano. Hizo hazikuwa za leo. Sakafu haina vidole.

"Odeta, mwezi jana nilikupa chandarua. Ulikifunga wapi?"

Odeta alitazama chini. Malimi akamkamata taya, vidole vinne huku, gumba kule, akamgeuza uso. "Mjibu nesi."

"Dada," Odeta alisema, midomo imebanwa, "hatuna kitanda. Tunalala godoro chini. Mtoto alikuwa analia, baba yake akamtikisa, akambamiza ukutani."

Pigo lilimtupa Odeta kwenye kabati, chupa zikapasuka. Malimi akanyoosha mkono amchukue mtoto. Modesta akalala juu ya meza, akamfunika kwa kifua chake, akapokea ngumi mbili mgongoni, huku akimwita mlinzi, Luhende, kwa sauti ambayo hakujua kuwa anayo. Chini yake, ule mkono mdogo uliendelea kumgonga mbavuni.

Luhende alimburuta Malimi nje. Gari la wagonjwa liliondoka kuelekea mjini na Odeta, damu puani, akihesabu pumzi za mwanawe.

Mtoto hajarudi kupimwa. Kadi yake bado imo kwenye sanduku. Kando ya mizani sasa pana beseni la plastiki, na kila Jumanne, kabla ya saa nne, huwa limejaa kofia za watoto wanaopimwa.